Tafsiri Yangu ya Mkate wa Keith

Jamani, hii habari nilipanga nife nayo. Lakini kwa kuwa kwaya nzima ya akina mama wa Blacktown inaijua tayari, na wengine wanaisimulia vibaya (kuna anayesema eti nilizimia, sikuzimia, nilikaa tu chini kwa ghafla), basi acha niiseme mwenyewe, maana aibu ukiisimulia mwenyewe angalau unachagua pa kuanzia.

Mimi ni mtu wa Kigoma. Marehemu mume wangu alikuwa Mrundi, tukaletwa Sydney pamoja na watu wa kambi ya wakimbizi, nikafanya kazi ya kuhudumia wazee mpaka na mimi nikazeekea humo humo, mzee akafariki, na binti yangu Furaha akanitafutia nyumba kwenye kijiji cha wastaafu, vituo vichache tu vya treni kutoka Blacktown. Msisikie neno kijiji mkadhani kuna mihogo na mbuzi. Ni nyumba ndogo ndogo zimezunguka bustani moja kubwa, kila nyumba na baraza yake, ukumbi mmoja wa pamoja, na wakazi ambao ukiyahesabu magoti mazima yaliyobaki hupati timu ya mpira. Mwafrika nilikuwa peke yangu. Hata wahudumu waliokuja kuwaogesha wasiojiweza walikuwa Wanepali na Wafilipino, kwa hiyo Kiswahili changu pale kilikuwa chumba changu cha faragha, nakaa barazani na simu nasema ninachotaka kuhusu ninayemtaka, naye ananipungia mkono.

Ndipo shetani alipopata mlango.

Kabla ya korona, kijiji chetu kilikuwa na klabu za kila aina: ya kufuma, ya karata, ya kuimba, ya mazoezi, mpaka ya kutazama ndege. Ukikaa mpweke pale umejitakia. Zote zilikuwa chini ya Beryl, mwalimu mkuu mstaafu, mama mfupi mwenye filimbi shingoni, anayeongea na wazee wenzake kama anawapanga mistari waingie darasani. Lokdauni ilipokuja, ile ndefu, ukumbi ukafungwa kwa kufuli, watoto wetu wakakatazwa kuja, na treni tukawa tunaisikia tu ikipita tupu. Beryl akasema klabu hazifi. Wafumaji wakafuma kila mtu kwake na kupiga simu huku wanafuma. Mazoezi yakahamia barazani: yeye anasimama katikati ya bustani na filimbi yake, sisi kila mmoja kwenye baraza yake, tunainua mikono. Na kila nyumba ikapewa nyumba ya jirani ya kuangalia asubuhi, unagonga dirisha, mwenzio anajibu, unajua kumekucha kwake pia.

Jirani yangu alikuwa Keith. Keith alikuwa dereva wa basi miaka mingi, mrefu, masikio makubwa, mpole mpaka anaomba radhi akipigana kikumbo na kiti. Mke wake Doreen alifariki muda mfupi kabla ya ugonjwa kuingia, na kwa muda Keith alikuwa anajibu dirishani kwa kukohoa tu. Halafu siku moja akapata wazo. Akaanza kuoka mkate wa ndizi, kwa kutumia maelezo ya Doreen yaliyokuwa yamebandikwa kwenye friji. Aliuoka kwa ajili yetu sote. Kila Ijumaa utamwona na barakoa yake, anasukuma kitoroli, anaacha mkate kwenye zulia la mlango wako, anabonyeza kengele, anarudi nyuma kwa adabu, anasubiri ufungue akuone.

Sasa huo mkate.

Mimi nimekula chakula cha kambini, sichagui. Lakini ule mkate, jamani. Nilijaribu kuuchovya kwenye chai, chai ikapita juu yake kama mvua juu ya jiwe. Nilijaribu kuukata, kisu kikabaki humo, nikawa nainua kisu na mkate unakuja nacho. Nikautupa bustanini kwa wale kasuku weupe wenye kishungi cha njano, ndege ambao hula hata mbao za baraza, akatua mmoja, akadona mara moja, akageuka akanitazama (nawaapia, alinitazama), akaruka akaenda zake. Lakini nani angemwambia Keith? Ukifungua mlango unayaona macho yale juu ya barakoa yanakungoja, unasema asante Keith, Mungu akubariki, unafunga, unatafuta pa kuuficha.

Basi nikamwambia dada yangu. Adela yuko Kigoma, anafundisha kwaya ya watoto kanisani, na ni mtu ambaye hajawahi kusema jambo kwa sauti ya chini tangu azaliwe. Nilimtumia ujumbe wa sauti nikamlalamikia, na yeye akanijibu akiwa katikati ya mazoezi na watoto wake, nami nikasikiliza nikacheka peke yangu jikoni mpaka nikashika meza.

Kesho yake Beryl akanigongea dirisha. Anasema muziki wake wa mazoezi wameuchoka, wale wazee wanasinzia wamesimama, je mimi sina nyimbo za kwetu zenye mdundo? Nikasema ninazo! (Mnaona kiherehere.) Furaha alikuwa amenipa spika kubwa, zawadi ya Krismasi, na ameshaiunganisha na simu yangu, nikaitoa barazani, nikaiweka juu ya kiti, kila mtu kwenye baraza yake ananitazama, Beryl ana filimbi mdomoni, na mimi miwani nimeiacha ndani. Nikaona vibaya. Nikabonyeza.

Badala ya muziki, sauti ya Adela ikalipuka bustani nzima. "Weee dada! Huo ni mkate au msingi wa nyumba? Watoto, itikieni! Mkate mgumu!" Na watoto wa kwaya, kwa sauti zao tamu, na makofi, "Kama tofali!" Adela: "Mkate mgumu!" Watoto: "Kama tofali!" Adela: "Utavunja meno!" Watoto: "Wape kuku!" Na wanarudia, maana Adela akipenda kitu hakiachi, na ngoma imeshaingia, na mimi nabonyeza simu kila mahali vidole vinateleza, na nikiinua macho naona nini? Wazee wanapiga hatua. Bwana mmoja wa nyumba ya ng'ambo ya bustani anainua kigari chake cha kutembelea na kukishusha kwa mdundo. Vera, bibi wa nyumba ya kona, mdogo kama ndege, ambaye hakuwa amesimama kwenye mazoezi hata siku moja, amesimama. Na Keith, kwenye baraza iliyo ubavuni mwangu, anapiga makofi na kuitikia, "Kama to-fa-li!"

Ujumbe ukaisha. Watu wakashangilia. Beryl akaja mpaka kwenye ngazi zangu, mashavu mekundu, akasema ni maajabu, ni wimbo gani huo, maneno yake yana maana gani?

Pale nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kusema, ni dada yangu tu anaongea mambo ya nyumbani. Uongo mdogo, unapita, unasahaulika. Lakini Keith alikuwa ameegemea ukingo wa baraza yake ananisikiliza, na nikaona uso wake, uso ambao haujacheka tangu mazishi ya Doreen, na ulimi wangu ukakimbia bila mimi.

"Ni wimbo wa kutia moyo," nikasema. "Mkate mgumu ni moyo imara. Kama tofali, kama mlima."

"Na ile ya mwisho? Wape kuku?"

"Wape majirani," nikasema. "Gawana na majirani."

"Kwa hiyo kuku ni jirani?"

"Jirani unayempenda," nikasema. (Mungu anisamehe, nikaongeza chumvi.)

Basi. Kuanzia kesho yake mazoezi yakawa ni hayo tu. Kila asubuhi Beryl anapuliza filimbi na kupaza sauti, "Mkate mgumu!" na bustani nzima inajibu, "Kama tofali!" Mtu akitoka kuchukua barua anasalimiwa, "Habari za asubuhi, kuku!" naye anajibu, "Salama, kuku!" Vera alipopata habari kwamba dada yake amefariki kwenye nyumba ya wazee huko kusini na hawezi kwenda kumzika, watu walisimama mbele ya nyumba yake, mmoja mmoja, mbali mbali, na barakoa zao, wakamwambia taratibu, mkate mgumu, Vera, mkate mgumu. Naye alilia na kuweka mkono kifuani. Mimi nilikuwa nimesimama pale na maua yangu, sijui nilie au nikimbie.

Nilijaribu kuungama, msidhani sikujaribu. Asubuhi moja nilipogonga dirisha la Keith nikamwambia, Keith, nina neno na wewe juu ya ule wimbo. Akafungua dirisha lote, akaniwahi. Akasema, "Stella, hata mimi nina neno juu ya ule wimbo. Nikiamka nanyoosha mkono upande wa Doreen kila siku, kila siku nasahau. Halafu sina sababu ya kuteremsha miguu. Sasa nasema yale maneno yenu, pale pale kitandani, kwa sauti, na miguu inashuka." Akaniuliza, "Wewe ulitaka kusema nini?"

Nikasema, "Amina." Ndicho nilichosema. Nikarudi nyumbani.

Klabu ya kufuma nayo ikapata kazi. Beryl akaniomba nimwandikie yale maneno vizuri, kisha akagawa herufi, kila mzee afume herufi moja kubwa kwa nyuzi za sufu za rangi aipendayo, zije zishonwe pamoja ziwe bango la kutundika siku tutakapofunguliwa. Mimi nilipewa T ya tofali. Nilikaa nikafuma uongo wangu mwenyewe kwa uzi wa kijani, nikikosea nafumua, na kila nikifumua nasema moyoni, Stella, fumua na ulimi.

Tukachanjwa, siku zikapita, na serikali ikafungua. Beryl akatangaza chai kubwa bustanini, familia zije, na akanikonyeza akasema ana kitu cha kunishangaza. Nilidhani keki. Kumbe alikuwa amepanga na Furaha kwa simu, na binti yangu (ambaye Kiswahili anakisikia chote lakini akijibu ni Kiingereza) amealika kwaya ya akina mama wa kanisani kwetu, Warundi na Wakongo, waje waimbe, nisikie lugha yangu baada ya miezi yote ile ya upweke. Wazo zuri kabisa. Mtu akikupenda anaweza kukuua.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali, meza zimepangwa, na kati ya miti miwili bango limetundikwa, kubwa, zuri, kila herufi na rangi yake: MKATE MGUMU KAMA TOFALI. WAPE KUKU. Na chini ya bango, hapo hapo chini yake, meza ya Keith. Alikuwa amevaa tai na aproni. Alikuwa ameoka mikate kwa ajili ya wageni wote, imepangana mezani kama mtu anayetaka kujenga.

Nikasikia vigelegele getini. Nikageuka, naona vitenge. Naona Mama Neema, kiongozi wa kwaya, mwanamke wa Uvira, mwili wake na sauti yake vyote vikubwa, anaingia mbele akicheza, na akina mama nyuma yake wanaimba, na nilivyowaona nililia kwa furaha kwa muda mfupi sana, kama wa kupiga chafya, halafu nikakumbuka kilichoandikwa kati ya miti.

Keith alikuwa wa kwanza kuwapokea. Alifungua mikono, akapaza sauti, "Karibu, kuku! Karibu, kuku!"

Wimbo ukapungua sauti moja. Mama mmoja wa nyuma akauliza, "Kuku ni nani? Ni miye?"

"Karibu, kuku," Keith akamjibu kwa upendo, akamwinamia.

Wimbo ukaisha kabisa wakati Mama Neema alipoinua macho. Aliyasoma yale maneno polepole, midomo inatembea. Akatazama meza. Akasoma tena. "Mama Furaha," akaniita, mbele ya watu wote, "ile maandiko kule juu ni ya nani? Ni mkate gani iko mgumu?"

Furaha alikuwa pembeni yangu. "Mum," akasema polepole, "what did you tell them?"

Nikamwambia, "Nyamaza, tuombe."

Lakini akina mama walikuwa wameshaanza. Mmoja alijifunika uso kwa kitenge, mwingine akamshika mwenzake mabega, mwingine akaenda kuegemea mti na mti ukawa unatikisika. Mnajua kile kicheko cha watu waliofungiwa muda mrefu? Ndicho hicho. Beryl akatabasamu bila kuelewa, akamuuliza Mama Neema, tafadhali, kuna jambo la kuchekesha? Mimi nikamfanyia Mama Neema ishara zote alizoumba Mungu, macho, mikono, kichwa. Akadhani namwomba anisaidie kutafsiri. Na Mama Neema ni mtu wa kusaidia. Akakohoa, akasimama wima, na kwa Kiingereza chake alichojifunza darasani akiwa mtu mzima, kila neno kwa nafasi yake, akawaeleza wote: maandishi yanasema mkate huu ni mgumu kama tofali, wapewe kuku.

Hapo ndipo nilipokaa chini. Kwenye nyasi. Sikuzimia.

Wazee walitazama bango, wakatazama mikate, wakanitazama mimi. Niliona wanarudia kichwani asubuhi zote zile. Yule bwana wa kigari ndiye aliyeanza, akasema kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, "Lakini si ni kweli?"

Keith alikuwa ameshika kisu, tayari kumkatia mgeni wa kwanza. Akakiweka chini. Akavua aproni, akaikunja mara mbili vizuri, akaiweka kando ya mikate, akapita katikati yetu sote bila kumtazama mtu, mrefu vile, masikio mekundu, akaenda nyumbani kwake na mlango ukafungwa taratibu. Bora angeubamiza.

Beryl akanisimamia kichwani. "Stella, inuka. Nenda."

Nikaenda. Nilikuta aliofunga ni mlango wa wavu tu, wa ndani uko wazi, naye ameketi kwenye kiti cha jikoni amenipa mgongo. Nikasema kupitia kwenye wavu, Keith, ni mimi. Akasema anajua. Nikasema nisamehe. Nikamweleza yote, Adela, simu, miwani, na jinsi nilivyouona uso wake siku ile nikashindwa.

Alipojibu hakunigeukia. "Miaka ya nyuma nilianguka kutoka kwenye ngazi, nikaumia kichwa," akasema. "Tangu hapo sisikii harufu wala ladha. Kwangu mkate na kadibodi ni kimoja. Doreen ndiye alikuwa ulimi wangu. Akisema chumvi imezidi, imezidi. Akisema tupa, natupa." Akageuza kichwa kidogo. "Ulikuwa mbaya tangu lini?"

"Tangu wa kwanza."

"Na wote walijua?"

"Wote."

"Beryl?"

"Beryl anautumia kuzuia mlango usipigwe na upepo."

Mabega yake yakatikisika, sikujua ni kicheko au kilio. "Miezi yote hii, nagonga milango ya watu, wananichekea. Hakuna hata mmoja aliyeniambia. Ningekuwa na Doreen nisingeaibika hivi."

Nikasema lililokuja. "Keith, Vera hana meno. Unajua hana meno? Hata ndizi yenyewe anaiponda. Lakini ukichelewa Ijumaa ananipigia simu, Stella, Keith yuko wapi, mbona sijamwona. Alikuwa anaupokea mkate ule wa nini?"

Akainuka, akafungua ule mlango wa wavu, akasema, "Ingia basi, uniambie nakosea wapi."

Nikaingia jikoni kwake. Nikaona gunia la unga, lile alilowahi dukani mwanzo kabisa wa ugonjwa watu walipokuwa wanagombania unga na karatasi za choo. Nikasoma maelezo ya Doreen kwenye friji. Doreen alitumia unga wa duka wenye baking powder ndani yake, ule unaoumuka wenyewe, na Keith siku ile ya kugombania alikuta umekwisha, akachukua ule wa kawaida, na hakuongeza kitu. "Keith," nikasema, "mkate wako haukuwa na cha kuuinua." Akaniangalia, akaangalia gunia, na akacheka, jamani, alicheka mpaka akatoa leso, na mimi nikacheka nikalia, tukawa wazee wawili wapumbavu tumeshikilia friji.

Tuliporudi bustanini nilitegemea kukuta watu wametawanyika. Wapi! Akina mama wa kwaya walikuwa wameketi na wazee, vikombe mkononi, na Mama Neema alikuwa na kipande cha mkate wa Keith shavuni anakitafuna kwa bidii zote, jasho linamtoka. "Kambini tulikula mubaya kuliko hii," akatuambia. Vera alikuwa ameshikwa mkono na mama asiyemjua, wanaongea, kila mmoja lugha yake. Walipomwona Keith wakaweka vikombe chini. Akaenda mpaka mezani kwake, akavaa aproni, akatazama bango juu, akavuta pumzi, na kwa sauti ile ya kuita vituo vya basi akapaza, "Mkate mgumu!"

Mnadhani kuna aliyesita? Wazee, kwaya, wajukuu, Furaha wangu asiyejibu Kiswahili, wote, "KAMA TOFALI!" Na Mama Neema akaudaka, akautia sauti ya pili na ya tatu, na Beryl akapuliza filimbi, na watu wakacheza mpaka chai ikapoa.

Nilidhani deni langu limekwisha hapo. Wiki iliyofuata Keith akaleta mkate mpya, akasimama mlangoni mikono nyuma, akasema sema ukweli. Nikaonja. Nikasema umeanza kufanana na mkate, sukari punguza. Akashukuru kama nimempa nishani. Nami nikaona huu ndio wakati wa kusifiwa, nikamuuliza, na wale dagaa wangu je? Maana kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, na kila Ijumaa nilikuwa namrudishia dagaa wa Kigoma, nawanunua duka la Blacktown kwa bei ya dhahabu, nawakaanga na pilipili na nyanya.

Keith alitazama viatu vyake. "Stella," akasema, "ladha siioni, lakini macho ninayo. Wale samaki walikuwa wananitazama. Paka wa Beryl amenenepa sana."

Dagaa wangu! Nilinuna mpaka Jumapili. Na nikiwa nimenuna ndipo nilipoelewa barabara alivyojisikia yule baba siku ile akipita katikati yetu, na nikaweka nadhiri, na sijaivunja: mtu akiniuliza neno la Kiswahili maana yake nini, namwambia maana yake, hata likinikwaruza koo. Juzi tu Beryl alimsikia Mama Neema kwenye simu yangu akitaja neno mbea, akaniuliza mbea ni nini. Nikavuta pumzi, nikamwambia, mbea ni mtu anayejua habari za kila nyumba kabla wenye nyumba hawajaamka, na hapa kijijini kwetu, Beryl, ni wewe. Alitafakari kidogo, akasema kumbe kuna neno lake, akavuta kiti akaketi karibu yangu anisimulie ya nyumba namba nane.